Kizuri Hakijiuzi: Tumpimeje Mwanakandanda?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu masikioni, na katika mambo mengi ya dunia haina pingamizi. Lakini katika uga wa kandanda ya kulipwa imetupotosha kwa muda mrefu. Imetufanya tuamini kwamba mchezaji aliyenunuliwa kwa mamilioni ndiye bora, na kwamba yule ambaye hakuna aliyemtolea hata shilingi ni hafifu. Imani hiyo si ya mashabiki wa London na Milan pekee. Hapa Nkubu, jioni ya Jumamosi yoyote ile, utawakuta vijana na wazee wakizozana juu ya nani bora kuliko nani, na aghalabu mzozo wenyewe hukatwa kwa swali moja: "Yule alinunuliwa kwa pesa ngapi?" Kiasi kikishatajwa, ubishi umekwisha.

Nadai katika makala haya kwamba swali hilo ni baya. Linajibu jambo jingine kabisa, na gharama ya kuliuliza hailipwi na matajiri wa Ulaya. Inalipwa na watoto wetu wa Imenti Kusini.

Kwa kuwa riziki yangu hutokana na maneno, naomba msomaji aniruhusu nianze na maneno. "Bei" tuliipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni tendo la kuuza. "Thamani" nayo ilitoka hukohuko, na huko maana yake ilikuwa bei tu. Ni Waswahili wenyewe waliolipanua neno hili la pili, hata leo twaweza kusema bila kujipinga kwamba kitu fulani kina thamani kubwa ijapokuwa hakina bei. "Kipaji" na "kipawa" ni maneno yetu ya Kibantu, na yote mawili yanatokana na kitenzi "kupa". Kipawa ni kile mtu alichopawa. Kipaji ni zawadi ya Mpaji. Basi lugha yetu, kwa hekima yake, imetutengea mambo matatu. Kipaji ni alichojaliwa mtu. Thamani ni manufaa anayowaletea wenzake. Bei ni mapatano ya siku moja baina ya anayeuza na anayenunua. Anayeyachanganya haya matatu hubishana usiku kucha bila kujua anabishania nini.

Tuchukue mfano ulio wazi kama mchana. Mnamo Agosti 2017, klabu ya Paris Saint-Germain ililipa Yuro milioni 222 ili kumtwaa Neymar kutoka Barcelona. Hakuna mchezaji aliyewahi kulipiwa kiasi kama hicho kabla yake. Miaka minne baadaye, Agosti 2021, klabu iyo hiyo ilimchukua Lionel Messi kutoka Barcelona iyo hiyo bila kulipa ada yoyote ya uhamisho. Je, yuko mwenye akili timamu atakayesema kwamba Neymar alimshinda Messi kwa tofauti ya Yuro milioni 222? La hasha. Mkataba wa Messi ulikuwa umekwisha, na tangu hukumu iliyotolewa na mahakama ya Ulaya tarehe 15 Desemba 1995 katika kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji ambaye mkataba wake umemalizika huko yuko huru kwenda atakako. Kinacholipiwa ni muda uliosalia katika mkataba. Mtu mwenyewe hauzwi. Ndiyo maana nasikitika kila niwasikiapo watangazaji wetu wakisema fulani "ameuzwa", kana kwamba ni mkungu wa ndizi katika soko la Nkubu. Klabu moja hufidiwa na nyingine kwa kuuvunja mkataba kabla ya wakati wake, na fidia hiyo hupandishwa na kushushwa na mambo mengi: umri, urefu wa mkataba, haraka ya mnunuzi, madeni ya muuzaji. Kipaji ni kimoja tu katika orodha hiyo, na wala si lazima kiwe cha kwanza.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe. Mnamo Januari 2010, McDonald Mariga alikuwa karibu kuhama kutoka Parma ya Italia hadi Manchester City. Mapatano yalivunjika kwa sababu ya kibali cha kazi. Kanuni za Uingereza za wakati ule zilitaka taifa la mchezaji liwe miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwamo. Siku chache tu baadaye, Inter Milan ikamsajili, na tarehe 22 Mei mwaka uo huo akawa katika kikosi cha akiba Inter ilipoilaza Bayern Munich mabao 2-0 mjini Madrid na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Mtu yuleyule, miguu ileile, mapafu yaleyale: kwa mizani ya Uingereza hakutosha, kwa mizani ya Italia alitosha kuwa katika kikosi cha mabingwa wa bara zima. Kilichopimwa Uingereza kilikuwa pasipoti ya Mariga. Mpira wake haukuwekwa mizanini kamwe.

Wapo watakaosema: basi tuache pesa, tuhesabu mabao, kwani mabao hayadanganyi. Hawa nawajibu kwa lugha ya kahawa, ambayo kila mkulima wa Imenti aijua. Kahawa yetu ikishakobolewa, hupitishwa katika chekecheke na kupangwa katika madaraja: AA, AB, PB, C, na kuendelea hadi mwisho. Chekecheke hupima ukubwa wa punje, na kazi hiyo huifanya bila upendeleo. Lakini chekecheke haina ulimi. Ndiyo maana kabla ya mnada wanunuzi huonja sampuli, na kahawa ya punje ndogo yenye ladha safi yaweza kuipita kwa bei ile ya punje nono iliyovundishwa kiwandani. Idadi ya mabao ni chekecheke. Ni kipimo cha haki kwa kile kinachokipima, ila hakina ulimi.

Tazama jinsi chekecheke hii inavyowapoteza walinda lango. Tuzo ya Ballon d'Or imetolewa tangu 1956, na katika miaka yote hiyo ni mlinda lango mmoja tu aliyewahi kuipata: Lev Yashin wa Muungano wa Kisovieti, mnamo 1963. Je, tuamini kwamba katika zaidi ya nusu karne tangu hapo hakuzaliwa kipa aliyekuwa bora kuliko washambulizi wa mwaka wake? Hapa Kenya, waliokuwa na umri wa kuelewa mambo katika miaka ya themanini watakumbuka jinsi Mahmoud Abbas wa AFC Leopards na Harambee Stars alivyopewa lakabu ya "Kenya One". Taifa lilishinda Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na asiyejua mchango wa kipa katika ushindi huo hakuitazama timu ile. Lakini ukitafuta mabao yake ili umpime, utarudi mikono mitupu. Hali kadhalika beki anayesimama mahali pafaapo, hata mpira usifike kwake, hana takwimu ya kuonyesha. Kazi yake bora ni lile janga lisilotokea.

Katika taaluma yangu, mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa kitabuni mnamo 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba neno halina thamani likiwa peke yake. Thamani yake hutokana na mahali lilipo miongoni mwa maneno mengine ya lugha. Alitoa mfano wa mchezo wa sataranji: kete ya farasi ikiondolewa ubaoni huwa ni kipande cha mti tu. Sijapata kuona maelezo ya kandanda yaliyo mazuri kuliko haya, ingawa mwenyewe hakuwa akisema juu ya kandanda. Mchezaji naye ni neno katika sentensi. Mweke mahali pake, sentensi hunena; mhamishe, hubwata.

Michael Olunga ni kielelezo. Mnamo Januari 2018, akiwa Girona ya Hispania, alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas, jambo ambalo hakuna Mkenya aliyekuwa amelifanya katika ligi ile. Hata hivyo hakudumu huko. Akaenda Japani. Tarehe 24 Novemba 2019, katika ligi ya daraja la pili, aliifungia Kashiwa Reysol mabao manane katika mechi moja waliyoishinda Kyoto Sanga 13-1. Mwaka uliofuata, katika daraja la kwanza, akafunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Mwenye kumpima kwa msimu wa Hispania pekee atasema ni wa kawaida. Mwenye kumpima kwa jioni ile moja ya Kashiwa atasema hana mfano. Wote wawili wameisoma sura moja ya kitabu, kisha wakakihakiki kitabu kizima. Anayestahili kusikilizwa ni yule atakayeuliza: alicheza na akina nani, dhidi ya akina nani, katika mpango gani, na alipokosekana timu ilipungukiwa na nini?

Sitaki kuonekana kama ninayepuuza hoja ya upande wa pili, kwa maana ina uzito wake. Wanaoamini soko husema hivi: anayetoa fedha zake mwenyewe huangalia kwa makini kuliko shabiki anayetoa mdomo wake. Klabu zina makocha, wapelelezi na madaktari. Zina mashine zinazohesabu kila pasi na kila hatua. Watakosea leo na kesho, lakini si kila siku. Nakubali kwamba kwa wachezaji mia moja waliokwisha kuonekana na klabu kumi zenye fedha, bei hukaribia kusema kweli. Tatizo langu lipo katika maneno "waliokwisha kuonekana". Soko halimpimi asiyeonekana. Hilo halisemi kwamba mtoto wa Nkubu ni hafifu. Halisemi neno lolote juu yake. Sisi ndio tunaoutafsiri ukimya wa soko kuwa hukumu.

Ushahidi wa karibuni tunao. Katika mashindano ya CHAN yaliyofanyika Agosti 2025 hapa Kenya, Uganda na Tanzania, mashindano yaliyotengewa wachezaji wa ligi za nyumbani tu, Harambee Stars iliilaza Morocco bao 1-0, na Morocco hiyohiyo ndiyo iliyoondoka na kombe. Mfungaji alikuwa kijana Ryan Ogam wa Tusker. Muda mfupi baadaye akasajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Kipaji chake hakikuota kama uyoga katika majuma mawili ya Agosti. Kilikuwapo Julai, na kilikuwapo mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni macho yaliyokitazama. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Nami naongeza kwamba hutunzwa iwapo wa kwao wamejitokeza kumtazama.

Kinyume cha hayo pia tumekiona. Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho la kandanda nchini, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi Novemba mwaka uo huo. Timu ya taifa ikatupwa nje ya michujo ya Kombe la Afrika la 2023. Sizungumzii hapa nani alikuwa na haki katika ugomvi ule, kwani ufisadi ukidaiwa hauna budi kuchunguzwa. Nazungumzia vijana waliokuwa na umri wa miaka 19 na 20, umri ambao wapelelezi huutazama zaidi kuliko wowote. Tangu 2021 Uingereza humpima mgeni kwa alama, na miongoni mwa vigezo ni mechi alizochezea taifa lake na hadhi ya ligi atokayo. Kijana asiye na mechi ya taifa hana alama hizo. Wazee walipogombana bei ya vijana ikashuka, na hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa amesahau kucheza.

Sasa nifikie hasa kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka 2013, Victor Wanyama alihama kutoka Celtic hadi Southampton kwa ada iliyotangazwa kuwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tulishangilia bei, tukaishia hapo. Wachache waliuliza swali la maana: katika ada kama ile, mlezi wa mchezaji hupata nini? Usione vyaelea, vimeundwa. Kanuni za FIFA, tangu 2001, huagiza kwamba mchezaji anapohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawanywe miongoni mwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una haki ya asilimia 0.25 ya ada yote. Msimu mmoja kati ya miaka 16 na 23, asilimia 0.5. Hebu tupige hesabu. Katika ada ya pauni milioni 12.5, klabu iliyomlea mtoto kwa msimu mmoja tu alipokuwa na miaka 14 ingestahili pauni 31,250. Kwa klabu ya mtaani, fedha hizo ni uwanja, ni sare, ni mipira, ni mshahara wa kocha kwa miaka kadhaa.

Lakini fedha hizo hudaiwa na klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kuzikusanya na kuzigawa, nacho hufuata rekodi ya usajili wa mchezaji tangu utotoni mwake. Sasa niambie, msomaji, ni timu ngapi za tarafa yetu zilizo na daftari linaloonyesha ni nani aliyezichezea mwaka jana, alizaliwa lini, na alijiunga lini? Mtoto huchezea timu ya soko leo, ya kanisa kesho, ya shule Jumatatu, na hakuna anayeandika. Siku atakapong'ara, malezi yake yote hayo yatahesabiwa kuwa hayakuwapo. Tunalalamika kwamba Ulaya haithamini vipaji vyetu, ilhali sisi wenyewe hatujaviandika hata kwa penseli.

Pengo hilohilo ndilo wanamopenyea walaghai. Mzazi aliyefundishwa kwamba bei ndiyo thamani ni windo jepesi. Akijiwa na mtu mwenye suti na simu ya bei ghali, akaambiwa kwamba mwanawe "ana thamani ya mamilioni" lakini kwanza ilipwe ada ya majaribio ng'ambo, atauza ng'ombe au kuikodisha michai yake. Nawasihi wazazi wa Imenti washike jambo hili moja: klabu inayomtaka mchezaji kwa dhati ndiyo inayolipa, wala haiombi kulipwa. Halikadhalika wajihadhari na wale wanaopunguza miaka ya mtoto ili apande bei. FIFA ilianza kuwapima vijana mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Mifupa haijui kusema uongo, na mtoto akinaswa ndiye atakayebeba aibu, wala si kocha aliyemfundisha kudanganya.

Tufanyeje, basi? Kwanza, kila timu ya kijiji na ijisajili rasmi na ifungue daftari. Kalamu na karatasi havihitaji msaada wa wafadhili. Pili, makocha wa shule wampime kila mchezaji kwa kazi ya nafasi yake. Kipa aulizwe aliokoa mingapi na aliipangaje safu yake. Kiungo aulizwe alipokonya na kugawa mipira mingapi. Mshambulizi aulizwe mabao yake, na pia aliwafungulia wenzake njia mara ngapi. Tatu, kaunti ihakikishe watoto wanaonekana. Uwanja wa Kinoru mjini Meru uliwahi kutajwa miongoni mwa viwanja vya CHAN ya 2018, mashindano ambayo Kenya ilipokonywa mwaka 2017 kwa kutokuwa tayari. Uwanja si mapambo ya kisiasa. Ni jicho ambalo kwalo nchi huwatazama watoto wake, na Kombe la Afrika la 2027 ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuliandaa lingetukuta tumelifumbua. Nne, wanahabari wenzangu wa lugha waache kusema "ameuzwa". "Amehama", "amesajiliwa", "amejiunga": maneno tunayo tele, na yote yanamwacha mchezaji akiwa mtu.

Joe Kadenge, aliyetutoka Julai 2019, alisakata kandanda enzi za mchezo wa ridhaa. Hakuna klabu ya Ulaya iliyomtangazia mamilioni. Kwa hesabu ya soko, bei yake ilikuwa sifuri. Lakini watangazaji wa redio waliposema "Kadenge na mpira", maneno hayo yaliingia katika Kiswahili cha Kenya yakakaa, na hata leo husemwa na watu ambao hawakuwahi kumwona akigusa gozi. Nimefundisha lugha kwa miaka mingi na najua jinsi ilivyo vigumu kwa jina la mtu kuingia katika usemi wa taifa. Halinunuliwi. Watu hulitoa wenyewe, kwa hiari yao, kumpa yule waliyemwona kwa macho yao na kumthamini.